Daftari la Ndoo

Mwalimu Yasinta hakuomba ukutubi. Alipewa maktaba kama mtu anavyopewa mtoto wa ndugu amlee: huyu hapa, mengine utajua mwenyewe. Miaka kumi na mitatu alikuwa akisimama mbele ya ubao akifundisha Kiswahili, mpaka vumbi la chaki likamkaba kifua, sauti ikawa inakwaruza na kukatika katikati ya somo. Daktari wa hospitali ya Mkomaindo, kule Masasi, akamwambia achague moja, chaki au mapafu. Mkuu wa shule, Mwalimu Lukmani, mtu wa roho nzuri ila haraka nyingi, akamtoa darasani na kumkabidhi ufunguo wa chumba cha mwisho, kile kinachotazamana na vyoo. Ndani mlikuwa na vitabu mia tatu na arobaini, popo wawili na kiti cha miguu mitatu.

Watu wa kijiji chetu cha Mkunya wana mdomo, usiwaone kimya. Wakasema mwalimu mzima kawekwa kuchunga karatasi. Shangazi yake alipokuja kutoka Chiwata kumjulia hali, alikaa, akala ugali wake wa muhogo, akanawa, ndipo akauliza kwa sauti ya chini ni kosa gani alilofanya hata akaadhibiwa hivi. Yasinta alicheka mpaka kifua kikambana. Shangazi alipoondoka hakucheka tena.

Maana, tuseme kweli, chumba kile kilikuwa kimekufa. Miaka hiyo ndiyo soko huria lilikuwa limeingia hata huku kwetu juu. Ushirika ulikuwa umelegea, korosho zikinunuliwa na watu wenye malori yao, na shule iliyozoea kungoja vitabu vya serikali ikaambiwa ijitegemee. Kitabu kipya hakikuonekana. Vilivyokuwapo vililindwa kama mahari. Mlangoni palibandikwa kanuni, kwa mwandiko wa mkuu wa shule wa zamani: kitabu ni mali ya shule, haruhusiwi mtu kutoka nacho nje ya uzio, na atakayekipoteza atalipa mara mbili. Sasa niambie, mtoto wa mkulima mwenye akili zake atakigusa cha nini? Wanafunzi walipita mlangoni wakimsalimia Mwalimu, shikamoo, marahaba, wakaenda zao.

Mambo yaligeuka mwaka tisini na nne, Masasi, kwenye semina ya siku tano ya walimu wanaosimamia maktaba. Aliyewafundisha alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam, Bi Julia, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Siku ya tatu Bi Julia akawaambia kwamba kuna chama cha wakutubi wa shule wa dunia nzima. Yasinta alidhani anawatania. Chama cha madaktari, sawa. Cha wanasheria, sawa. Lakini watu wanaochunga karatasi katika chumba cha mwisho, dunia nzima, wakutane waambiane nini? Akanyoosha mkono, akauliza hivyohivyo.

Bi Julia hakucheka. Alisema wanaambiana hayahaya ya kwenu: mvua inayoingia, vitabu visivyotosha, mkuu wa shule anayeona maktaba ni stoo. Akaeleza kwamba wanachama wa nchi zenye uwezo hulipa ada zao, na wengine huongeza ada ya mtu mmoja wasiyemjua, aliye katika nchi isiyoweza. Humjui, hakujui, kakulipia. Halafu akapitisha karatasi kila mtu aandike jina. Yasinta aliandika lake kwa sababu kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Alipofika nyumbani alikuwa ameshasahau.

Miezi minne baadaye akaitwa posta ya Newala. Bahasha kubwa ya kaki, stempu tatu za ndege asiowajua, na jina lake limepigwa chapa. Ndani mlikuwa na jarida la chama, la Kiingereza. Alilisoma wiki nzima kwa msaada wa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, mpaka akafika nyuma kabisa, penye orodha ya wanachama nchi kwa nchi. Alishuka na kidole taratibu. Nchi zilipita, majina yakapita, hata akafika Tanzania. Walikuwa watano. Wa nne aliandikwa Yasinta Nandonde, Newala.

Alifunga mlango wa maktaba kwa ndani, akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu akiegemea ukuta. Huwezi kumweleza mtu kilichompata, na yeye mwenyewe baadaye alipojaribu alishindwa. Alisema tu kwamba mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni, kwamba aliogopa kama mtu aliyeitwa jina lake porini akageuka asione mtu. Kumbe huku alikowekwa kama aliyesahauliwa, kuna mahali alikuwa akihesabiwa. Kuna mtu ambaye hatamjua mpaka kufa kwake, aliyeamka siku moja akasema, na yule naye. Yasinta alilia, halafu akafuta machozi kwa upindo wa kitenge, akawafukuza popo kwa ufagio. Walikuwa wamekaa pale miaka mitatu.

Katika jarida palikuwa na tangazo la wanachama wanaotaka kuandikiana. Yasinta akajaza fomu. Aliyepangiwa alikuwa Bi Ivy, mkutubi wa shule moja vilimani, kisiwani Jamaika. Yasinta alidhani mtu wa kisiwani anaogelea katika maji. Barua ya kwanza ikamshangaza: Bi Ivy aliandika kwamba vilima vyao ni vya mawe makavu, mto hakuna, na watu hukinga mvua ya paa na kuitunza kama dawa. Yasinta alisoma sentensi ile mara tatu. Mtu wa uwanda wa Makonde, anayekaa juu na maji yake yako chini bondeni, hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Barua ya tatu ndiyo iliyofanya kazi. Yasinta alikuwa amelalamika kurasa mbili nzima kwamba wasomaji hawaji, hasa wasichana. Bi Ivy hakumpa pole. Alimwuliza swali moja: "Wasomaji wako wakiwa hawapo maktaba, wako wapi?"

Jibu Yasinta alilijua kabla hajamaliza kusoma. Wako foleni ya maji.

Enzi hizo bomba la Mkunya lilitoa maji siku mbili tu kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, na saa yake aliijua Mungu peke yake. Mashine ya bondeni ikikohoa, mnangoja. Ikizimika, mnangoja. Kwa hiyo foleni haikuwa ya watu, ilikuwa ya ndoo. Unaiweka ndoo yako tangu jana yake, unaondoka. Hakuna atakayeigusa, wala kuisogeza, wala kuiruka. Mwizi wa kuku tunaye, mwizi wa korosho tunaye, lakini aliyewahi kugusa ndoo iliyo kwenye foleni hajazaliwa. Na kila ndoo ina alama ya nyumba yake: huyu kapiga misumari mitatu ukingoni, huyu kafunga kipande cha kanga kwenye kishikio, huyu kachora msalaba, yule mwezi. Mchana wasichana huachiwa zamu ya kusikiliza bomba. Siku ya maji nusu ya viti darasani vilikuwa vitupu, na wenye viti wamekaa chini ya kivuli cha ukuta wanasukana nywele.

Jumatano iliyofuata Yasinta akajaza vitabu ishirini katika kikapu, akavifunika kwa majani ya muhogo kama anayetoka shamba, akavuka uzio wa shule. Kanuni iliyobandikwa mlangoni aliipita akiitazama.

Tatizo likaja katika kuandika. Msichana aliyekuwa zamu leo, Jumamosi yuko shamba, aliyeko ni dada yake, au mama yao, au bibi. Kitabu kikiandikwa kwa jina la Anjelina, Anjelina mwenyewe hayupo, kitabu kinasomwa na mwingine. Ila ndoo ilikuwa ileile. Basi akaamua kuviazimisha vitabu kwa ndoo. Akanunua daftari la kurasa tisini na sita, akachora kila alama alivyoiona, na mbele yake jina la kitabu. Misumari mitatu: kitabu cha nyuki. Kipande cha kanga: hadithi ya binti aliyemshinda fisi akili. Ukimwona anachora ungedhani kachanganyikiwa. Lakini watu walielewa siku hiyohiyo, wala hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Na wakasoma. Mwenyezi Mungu, walisoma! Mmoja anasoma kwa sauti, kumi wanasikiliza, mwingine anamnyang'anya kwa kuwa anasoma polepole. Kina mama waliokuja kubadili zamu wakawa hawabadilishi, wanakaa. Wengi wao walipita kisomo cha watu wazima zamani zile, wakapata na vyeti, kisha kusoma kukawatoka kwa kukosa cha kusoma. Miongoni mwao alikuwapo Fatu, Mama Jumanne, mke wa Mzee Fakihi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha mbali. Mwanzo alikuwa akisomewa na binti yake, Ziada. Jumatano moja Ziada alikuwa na mtihani, Fatu akabaki peke yake na kitabu mapajani. Yasinta alimwona kwa mbali akisogeza kidole chini ya maneno, midomo ikichezacheza, akiwa mahali pamoja muda mrefu. Halafu Fatu akacheka. Hakuna aliyemsomea mzaha ule. Yasinta alisimama na kikapu chake akashindwa kusogea, maana alikuwa ameona jambo kubwa, naye alijua kwamba ni kubwa.

Hayo yote yalikuwa siri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na waume zao hawakuwa kata. Kama shule ingejua kwamba vitabu zaidi ya mia vinalala nje ya uzio, Yasinta angefukuzwa kazi, na huko nje kulikuwa na walimu wengi tu waliopunguzwa kazini wanaotafuta pa kuingia. Alimwandikia Bi Ivy peke yake, akamnakilia kurasa mbili za daftari, na akaomba radhi kwamba si kazi ya kitaalamu.

Mwezi wa saba mwaka tisini na tano akaja mnunuzi wa korosho kutoka pwani. Alitafuta ghala la msimu, akakipenda chumba cha maktaba: kikavu, mlango imara, barabara karibu. Pango lake lingetosha kuezeka darasa la kidato cha pili lililoezuliwa na upepo wa masika. Mwalimu Lukmani hakuwa mtu mbaya, watoto walikuwa wakinyeshewa. Akalipeleka suala kwa bodi ya shule, na mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Fakihi, mwenye mikorosho mingi na maneno machache. Fakihi akatoa kauli: bodi itakaa Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tisa. Vitabu vitahesabiwa. Mkutubi aonyeshe maktaba inamsaidia nani. Akishindwa, chumba kitatoka, na ukutubi utakoma.

Rejista halali ya shule ilikuwa na waazimaji saba mwaka mzima, watatu kati yao walimu. Kilichoweza kuiokoa maktaba kilikuwa daftari la ndoo, na daftari la ndoo ndilo ushahidi wa kosa lake. Akilificha, chumba kinakwenda. Akilitoa, anakwenda yeye.

Akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akatafuta mkubwa wa kumsemea. Alimwandikia Bi Ivy akiomba chama cha dunia nzima kiiandikie bodi barua yenye mhuri, iwaambie wasiifunge maktaba. Kisha akaanza kungoja. Kila Alhamisi alienda posta, na karani, kijana mmoja aitwaye Dastani, akawa anamtikisia kichwa tangu mlangoni.

Jibu lilifika siku nne kabla ya kikao. Mhuri haukuwamo. Bi Ivy aliandika kwamba chama hakina uwezo wa kuamrisha bodi ya mtu, kinaweza kumshika mkutubi mkono tu, na hata kama yeye angeandika barua, bodi ingeisoma na kuiweka chini kwa sababu yeye si wa kwao. Akaandika: "Waonyeshe ulichonionyesha mimi. Zile kurasa mbili nakwenda nazo kwenye mkutano wetu mkuu." Mwisho kabisa, chini ya sahihi, aliongeza kwamba yeye pia aliingia chamani kwa ada iliyolipwa na mtu, miaka kumi iliyopita, na hadi leo hajui ni nani.

Yasinta aliikunja barua, na alikasirika, tusifichane. Alikuwa ameomba ngao akapewa kioo. Hasira hiyo ilimkaa siku mbili. Ya tatu, Jumamosi ya maji, akamwendea Fatu kwenye foleni akamwambia yote, huku akijua anamwambia mke wa mwenyekiti. Alisema daftari atalipeleka kikaoni mwenyewe, liwalo na liwe. Ila kwanza vitabu vyote virudi, asije akaitwa mwizi. Virudi Jumatatu alfajiri, kimya kimya, wanaume wasijue. Fatu alisikiliza, akasema sawa Mama Anthony, akimwita kwa jina la mwanawe, akaendelea kusokota ngata yake.

Vilikuwa nje vitabu mia na thelathini na moja. Nusu ya nyumba zilikuwa zimeshahamia mashambani kufagia chini ya mikorosho. Kuwafikia wote kwa siku moja na nusu lilikuwa jambo ambalo hata tarishi wa serikali angelikataa.

Jumatatu Yasinta aliamka kabla ya adhana. Alifungua mlango wa uani, akaweka mkeka wa kupokelea vitabu, akakaa. Kwake ilikuwa wazi kabisa kwamba vitaletwa hapo, hata hakuwahi kutaja mahali. Jogoo wakawika, pakapambazuka, hakuja mtu. Alisikia nyayo nyingi zikipita njiani, hazikukata kona kuja kwake. Jua likatokeza. Mkeka ulikuwa na mbuzi wa jirani tu.

Alitandua mkeka, akalibana daftari kwapani, akashika njia ya shule. Hakuwalaumu. Alijisemea kwamba mtu akishakizoea kitabu, kukitoa ni kama kutoa jino, na kwamba kosa ni lake aliyekitoa kwanza. Alikata kona ya bomba.

Foleni ilianzia bombani, ikapita ukuta wa kivuli, ikapita mgahawa, ikafuata barabara mpaka ilipoanza mikorosho ya misheni. Ndoo moja, ndoo ya pili yake, ndoo, ndoo. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Ilikuwa Jumatatu, siku isiyo ya maji. Yasinta alikaribia ya kwanza, ya misumari mitatu, akachungulia. Ndani, juu ya kitambaa kilichofuliwa, kilikuwamo kitabu cha nyuki. Ya pili ilikuwa na hadithi ya fisi. Ya tatu ilikuwa na kitabu kimeshonwa mgongo kwa uzi wa gunia, kilichotoka kwake kimechanika.

Akaelewa. Aliwaambia warudishe kimya kimya, bila kuwaambia wapi, nao wakarudisha mahali ambapo uwanda mzima hauna mahali salama kupita hapo. Nani angevileta kwa mlango wa uani kama vya wizi? Walipanga foleni kweupe, wakaondoka zao, kimya kimya kama alivyosema. Yasinta alitembea kando ya ndoo zile kama mtu aliye kanisani asiyejua akae benchi lipi. Alitaka kuhesabu, hesabu ikampotea. Kila alama aliyowahi kuichora daftarini sasa alikuwa akiiona imesimama barabarani, imekuja yenyewe. Nyingine alijua zimetoka mashamba ya saa tatu kwa miguu. Moyo ulimjaa, akaogopa ule ukubwa, akapenda uendelee.

Katikati ya foleni alisimama Mzee Fakihi. Baiskeli yake ilikuwa imelazwa chini, yeye kafunga mikono nyuma, anaitazama ndoo ya kijani yenye mchoro wa jembe lisilo na mpini. Hakuigusa. Ilikuwa ndoo ya nyumbani kwake, lakini ilikuwa kwenye foleni.

"Shikamoo, Mzee," alisema Yasinta.

"Marahaba." Hakuinua macho. "Hili jembe nililichora mimi, Mwalimu."

Yasinta akasema analijua. Kisha, kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kuficha, akalifungua daftari pale pale, akamwonyesha. Jembe lilikuwapo ukurasa wa pili, na wa tano, na wa tisa, na wa ishirini. Mzee alifuata kwa kidole. Aliuliza kama ni Ziada anayesoma. Yasinta akamwambia Ziada ndiye aliyeanza, lakini tangu mfungo wa Ramadhani uliopita anayesoma ni Mama Jumanne mwenyewe. Mzee akasema, kama anayejiambia, kwamba miezi yote hii alikuwa akimsikia mkewe anacheka peke yake jikoni, na yeye akidhani anachekwa yeye.

Kikao kilichelewa, kwa sababu Mzee Fakihi aliwaamuru wajumbe wote wanne na Mwalimu Lukmani waende kwanza bombani, watembee kutoka mwanzo wa foleni mpaka mwisho, na asiguse mtu kitu. Vitabu vikahesabiwa ndani ya ndoo. Vilitoka mia na thelathini na moja. Vilirudi mia na thelathini na mbili. Walirudia hesabu, jibu likawa lilelile. Katika ndoo ya mwisho, mpya, isiyo na alama yoyote, kulikuwa na kitabu cha jiografia chenye mhuri wa mwaka sitini na mbili, kilichoibwa shuleni enzi za mkuu wa shule wa kwanza. Aliyekirudisha hajulikani mpaka leo, na Yasinta hakutafuta.

Usidhani mambo yakawa shangwe. Mjumbe mmoja alisema kanuni ni kanuni. Mwalimu Lukmani alisema kwa uchungu kwamba kitabu hakizuii mvua, na hapo alikuwa na haki. Walibishana mpaka saa nane. Mwisho chumba kikabaki maktaba, darasa la kidato cha pili likabaki bila paa mwaka mwingine mzima, na Yasinta akaandikiwa barua ya onyo kwa kutoa mali ya shule nje ya uzio. Aliipokea kwa mikono miwili. Kanuni ya mlangoni ikabanduliwa na Mwalimu Lukmani mwenyewe, ambaye hakumsemesha Yasinta mpaka korosho zilipokwisha.

Mwezi wa kumi na moja ikaja bahasha kutoka kwa Bi Ivy, yenye picha moja. Ukumbi mkubwa, viti visivyohesabika, na ukutani kurasa mbili za daftari la kurasa tisini na sita, misumari mitatu, kipande cha kanga, jembe. Mbele yake wamesimama watu wa kila rangi, mmoja nyuma ya mwingine, wa kwanza kainama mpaka miwani inakaribia kugusa karatasi. Nyuma ya picha Bi Ivy aliandika kwamba hakuna aliyewaambia wapange foleni. Yasinta aliiweka katika jalada moja na barua ya onyo, maana zote mbili zilikuwa za kazi ileile.

Lakini kabla ya picha hiyo kufika, Alhamisi moja baada ya alasiri, mlango wa maktaba uligongwa. Alikuwa Mzee Fakihi, kofia mkononi, vumbi la shamba miguuni. Alivitazama vitabu kwa heshima ya mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Alisema Mama Jumanne amekwama shamba, hawezi kuja mpaka Jumamosi, na kile alichokisoma kilimwacha njiani. Kama kuna mwendelezo wake.

Ulikuwapo. Yasinta alikipangusa kitabu, akafungua daftari, akamsogezea kalamu. Alimwambia kwamba yeye ni mtu wa kusoma na kuandika, kwa hiyo aandike tu jina lake.

Mzee alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu. Akashika kalamu, akainama, na kwa mkono wa mtu aliyezoea kupanda akachora polepole jembe lisilo na mpini.

"Foleni ni ya ndoo, Mwalimu," alisema. "Mimi nimetumwa."